Mimi, Spika Zangu na Banjo ya Bwana Nasor

Rahma, mwanangu, na nyinyi wenzake mtakaoshika waya za Nyuzi Nne kuanzia sasa: mmeniomba niandike nilivyofanya kazi, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo mnadai naongeza chumvi. Basi naandika. Nikiiongeza humu, angalau mtakuwa na ushahidi.

Habari za mshahara sitazitia. Mnaujua, maana ndio huo huo mnaopewa. Vyeo navyo havina hadithi. Nilianza nikiitwa fundi wa sauti na nimemaliza nikiitwa fundi wa sauti. Kilichopanda ni shinikizo la damu.

Kwa atakayesoma bila kutujua, Nyuzi Nne ni kundi la muziki la hapa Ibra, huku Uarabuni. Lina banjo, fidla mbili, kinanda, ngoma mbili na sauti ya Bi Thuwaiba, ambayo peke yake ni kama kundi la pili. Jina linatokana na nyuzi za banjo. Wanamuziki wenyewe ni saba na kila mmoja ana rai yake, kwa hiyo tungejiita Rai Saba tungekuwa wakweli zaidi. Tunapiga nyimbo walizokuja nazo wazee kutoka Unguja, na nyingine zilizotungwa hapa hapa, Kiswahili ubeti mmoja na Kiarabu ubeti mwingine, kama tunavyozungumza majumbani.

Mimi nilikuja Ibra kijana, kutoka Tabora, pamoja na mama na dada zangu. Baba alishatangulia kuja. Kiarabu changu kilikuwa cha kwenye msala tu: niliweza kuomba dua ndefu lakini sikuweza kununua kitunguu. Kiswahili nilidhani ninacho, mpaka siku nilipoingia duka la Ami Hamdun kutafuta kazi.

Ami Hamdun alikuwa akikodisha spika kwa ajili ya harusi, mahafali na matamasha. Ujanani, huko Unguja, alikuwa fundi wa redio. Alikuwa mzee mwembamba, mkali kwa sauti ya chini, na miwani yake ilifungwa kwa kipande cha waya wa shaba.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Wewe wa wapi?"

"Tabora."

"Aa. Bara." Alilitamka kama tabibu aliyekwisha kuuona ugonjwa. "Haidhuru. Waya hazijui lugha."

Akanirushia waya mrefu na kuniambia niukunje. Nikauzungusha kwenye kiwiko na kiganja, kama mama alivyokuwa akikunja kamba ya nguo, nikamrudishia kwa fahari. Aliushika ncha moja akautupa sakafuni, ukajisokota kama nyoka aliyekanyagwa. "Rejea," akasema. Nilirejea asubuhi nzima. Alinifundisha kuufuata waya unavyotaka kulala wenyewe, duara moja kwa juu, duara moja kwa chini, bila kuulazimisha. Ilipoadhiniwa adhuhuri nilikuwa bado nakunja waya ule ule, na wateja wakipita wanauliza huyu kijana amefanya kosa gani. Nyinyi mnacheka ninapokagua waya zenu. Shukuruni kwamba mimi nakagua tu.

Kazi yangu ya kwanza ya nje ilikuwa harusi huko Al Qabil, kwenye shamba la mitende. Ndipo nilipowaona Nyuzi Nne kwa mara ya kwanza. Bwana Nasor alikuwa amekaa kwenye kiti, ndevu zimechanwa vizuri, kanzu nyeupe mpaka inaumiza macho, na mapajani ana kitu cha mviringo kama ngoma ndogo iliyoota shingo. Mchana alikuwa mwalimu wa hesabu, na hakuwahi kuacha kuwa mwalimu baada ya saa za kazi. Nikamwendea na maikrofoni, nikauliza kwa adabu zangu zote, "Mwalimu, gitaa lako nikuwekee maiki upande gani?"

Wenzake wakaacha kuongea. Bwana Nasor akakitazama kile kitu, akanitazama mimi, akamwita Ami Hamdun. "Hamdun, umemtoa wapi huyu? Hili gitaa?"

"Katoka Tabora," Ami Hamdun akamjibu, kana kwamba hilo linatosha.

Tangu siku hiyo Bwana Nasor akaniita Bwana Gitaa. Watoto wake wakaniita Ami Gitaa. Nilipooa, kadi ya mwaliko ilikuwa na jina langu kamili, Seif bin Mbarak, na wageni kadhaa walimpigia simu Bwana Nasor kumuuliza huyu Seif ni nani.

Sasa niwaambie habari za banjo yenyewe, maana ndiyo iliyonilisha. Banjo ni ngoma iliyotiwa nyuzi. Ina ngozi, na ngozi ina tabia. Nizwa ni kukavu, ngozi inakaza, na banjo inapiga kelele kama sufuria. Sur kuna unyevu wa bahari, ngozi inalegea, na banjo inazungumza kama mtu aliyetoka kuamka. Tukienda Sur, Bwana Nasor aliizungushia taulo la kuogea, akaiweka kiti cha mbele na kuifunga mkanda. Sisi watu tulikaa nyuma na spika, miguu imekunjwa, mpaka tunapita Bidiyah hatuna hisia magotini. Mpiga fidla mmoja aliwahi kuuliza kwa nini asikae yeye mbele. "Wewe ukipata baridi unakunywa dawa," Bwana Nasor akamjibu. "Hii inywe nini?"

Na kwa upande wa sauti, ni chombo kigumu. Aliye karibu anaona kinamtoboa masikio, aliye mbali hasikii kitu. Ukiweka maiki mbele ya ngozi, spika zinalia filimbi. Ami Hamdun alinionyesha pa kuiweka: pale shingo inapokutana na duara, ikitazama kwa pembeni, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya jirani bila kutaka kuonekana. Kisha unatia soksi kwa nyuma, kati ya ngozi na mti, ili mlio usirudi. Soksi lazima iwe ya pamba, tena ya mtoto. Kwa muda mrefu soksi za banjo zilitoka kwa watoto wa Bwana Nasor, na mkewe alikuwa akiuliza kwa nini kila baada ya tamasha mtoto mmoja anarudi kutoka kwa baba yake na soksi moja.

Ami Hamdun hakufundisha kwa maneno mengi. Kabla ya kila onyesho aliniambia nizunguke uwanja mzima, mpaka viti vya nyuma, mpaka waliposimama wauza mishkaki, nisikilize. "Sauti usiiskilize ulipo wewe," alikuwa akisema. "Iskilize walipo wao." Alifariki siku ya kawaida tu, baada ya kahawa ya alasiri. Wanawe wakaniuzia spika zake kwa bei ya udugu. Sikulia msibani. Nililia wiki iliyofuata nilipofungua sanduku na kuona waya zake zote zimekunjwa, kila moja na kitambaa cha rangi yake.

Basi nikawa fundi wa Nyuzi Nne rasmi, na tukaanza kuitwa kwenye matamasha. Bi Thuwaiba ndiye aliyekuwa akituombea kazi. Ni mjane, mwimbaji tangu usichana wake, na mkoba wake una tangawizi, limau, kanga ya akiba na malalamiko. Kila onyesho alinijia na ombi moja. "Seif, mwanangu, nipunguzie mdomo wa Nasor." Akishaondoka, Bwana Nasor naye ananijia: "Bwana Gitaa, mimi sijiskii. Huyu mwanamke kanifunika." Nilikuwa nikiwaambia wote wawili "Haya, inshallah," nikigusa kitufe ambacho hakikuunganishwa na kitu. Wote wawili walikuwa wakinishukuru. Rahma, kitufe hicho ni kile cha mwisho kulia. Usikitengeneze.

Tulipiga Ibra, Sur, Izki. Tulipiga Tiwi, ambako mwandalizi alitaka bahari ionekane kwenye picha, akaligeuza jukwaa. Tukajikuta tunawatazama samaki na watu wako nyuma yetu. Bi Thuwaiba aliimba ubeti mzima kwa mawimbi kisha akageuka bila kusema neno, akachukua kiti chake, akakihamishia upande wa watu. Tukamfuata na vyombo vyetu kama vifaranga. Nizwa tulijifunza kupanga nyimbo kwa kufuata adhana, tumalize mapema na tunyamaze vizuri, si kukatizwa katikati kama watu wasiokuwa na saa. Wapo wazee wa Nizwa wasiopenda nyuzi kabisa. Walikuwa wakija hata hivyo, wanasimama mbali, mikono nyuma, kuhakikisha kwamba wanachokichukia bado ni kile kile.

Sasa nifike kwenye kesi ngumu. Rahma, wewe ulikuwa bado chuoni, umesikia vipande tu.

Bwana Nasor alipostaafu ualimu alianza kuniambia nimwongezee spika yake ya jukwaani, ile inayomrudishia sauti yake mwenyewe. Nikaongeza. Akataka zaidi. Mwanzoni nilidhani ni majivuno tu, maana hayo alikuwa nayo ya kutosha. Kisha ikaja siku kwenye harusi hapa Ibra, wenzake wakamaliza wimbo na yeye akaendelea peke yake, ameinamisha kichwa, anapiga kwa raha zake. Watu walidhani ni ufundi wakampigia makofi. Bi Thuwaiba hakupiga. Alinitazama mimi.

Nikaanza kuchunguza. Ukimsemesha kutoka nyuma hajibu. Ukimuuliza umekula, anakwambia watoto hawajambo. Ukimsalimia kwa simu anazungumza yeye tu, mfululizo, mpaka anakata, ili usipate nafasi ya kumuuliza kitu.

Bi Thuwaiba akaniita kwake, akanikaribisha mkate wa kumimina, jambo ambalo lilinitia wasiwasi papo hapo. "Seif, tumealikwa Nizwa. Tamasha kubwa, watu wanakuja na watoto wao. Safari hii ndo mara ya mwanzo wanatupa nafasi ya kumalizia. Na ule wimbo wetu mkubwa unaanza na banjo peke yake, halafu n'naingia mimi. Akinikosa, tumekwisha."

"Mwambie basi, Bi Thuwaiba."

"Mimi? Nasor hajanikubalia neno tangu nimjue. N'kimwambia haskii, atasema naimba chini. Mwambie wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Wewe ndo fundi wa sauti. Kama mtu haiskii sauti, hiyo si kazi yako?"

 Nilikula kipande cha pili cha mkate nikitafuta jibu.

Siku ya Nizwa nikapanga niendeshe gari mimi na Bwana Nasor peke yetu, banjo kiti cha mbele kama kawaida na yeye nyuma. Wenzetu walikuja na gari jingine. Nilizungumza na kile kioo kidogo cha juu. Tangu Mudhaibi nilikuwa nikijikohoza. Mwisho nikasema, "Mwalimu, sisi wenzako tunaona kama masikio yako hayako sawa siku hizi."

"Ndiyo," akajibu, anatazama nje. "Joto limezidi mwaka huu."

Tukafika Izki tukasimama kunywa chai kwenye kijiduka cha kando ya barabara. Bwana Nasor alilishika gilasi la chai kwa mikono miwili, akakaa mbele yangu, uso kwa uso.

"Bwana Gitaa. N'mekuskia tangu Mudhaibi."

Nikakosa pa kutazama.

"Kwenye gari nyuso hazionekani, lakini wewe umejikohoza njia nzima, na macho yako kwenye kioo yalikuwa kama ya mwanafunzi aliyevunja dirisha. N'likuwa najua tu utasema nini." Akakoroga chai ambayo ilishakorogwa. "Binti yangu kaninunulia mashine za masikio. Nzuri, ghali. N'kizivaa, watu nawaskia. Banjo ndo siiskii. Inakuwa kama kijiko kwenye sahani. Sasa nichague. Niwaskie watu, au niiskie banjo?"

"Ukazitupa?"

"Zimo kabatini. Mke wangu anadhani nazivaa. Mimi namuitika tu kila anachosema. Wallahi, hatujapata kuelewana kama mwaka huu."

Nilicheka kabla sijajizuia, na yeye akacheka, kisha akaacha ghafla. "Seif," akasema. Miaka yote ile sikuwahi kulisikia jina langu kinywani mwake. "Mkiniweka nyumbani, nitakaa n'tazame ukuta. Nifanye nini huko? Lakini sitaki niwaaibishe mbele ya watu wa Nizwa. Kama hakuna njia, niambie hapa hapa Izki. Nirudi na teksi, nyinyi mwende."

Nikamuuliza anasikia nini, si kama tabibu, kama fundi. Akafikiri vizuri, maana ni mtu wa hesabu. Akasema vya juu vimekwenda vyote: fidla, herufi ndogo ndogo za maneno, ndege. Vya chini bado vinafika, lakini si masikioni. "Ngoma naipata hapa," akasema, akijigusa kifuani. "Na miguuni, jukwaa likiwa la mbao."

Nikalipa chai, tukaondoka pamoja kwenda Nizwa. 

Onyesho lilikuwa baada ya alasiri, kwenye uwanja wa wazi, na jukwaa lilikuwa la mbao, alhamdulillahi. Nikachukua spika kubwa ya besi, ile iliyokuwa ya Ami Hamdun, nikailaza chini ya jukwaa ikitazama juu, mahali penyewe panapokaa kiti cha Bwana Nasor. Nikaipa amplifaya yake peke yake, nikaipelekea ngoma na banjo, nikakata vya juu vyote. Waandalizi wakaniuliza kwa nini spika naificha. Nikawaambia ni mtindo wa Ibra. Bwana Nasor akavua viatu, akakaa, akaweka nyayo kwenye mbao, akapiga uzi mmoja. Akaupiga tena, macho amefumba. Kisha akanitazama na uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtu aliyekutana sokoni na rafiki aliyedhani amekufa.

"Ipo," akasema.

Lilibaki jambo moja. Kuingia kwa Bi Thuwaiba. Sauti yake haikuwa ya chini, haingefika miguuni. Bwana Nasor akasimama, pekupeku, akamwendea pale aliposimama mbele ya jukwaa, wenzetu wote wanatazama.

"Bi Thuwaiba. Nataka ugeuke kidogo unapoimba. Nataka nikuone mdomo."

Bi Thuwaiba tangu nimjue alisimama mbele na kuwapa mgongo wanamuziki wote. Alikuwa akisema hakuja kuwaimbia wapiga fidla.  Alimtazama Bwana Nasor juu mpaka chini, akamaliza kwenye miguu yake isiyo na viatu.

"Haya," akasema. "Lakini na wewe kapunguze hizo sharubu, na mimi nikuone wako. Usiwe unaninunia huko nyuma, mi sina habari."

Kwa Bi Thuwaiba, hayo yalikuwa maneno ya huruma kupita kiasi.

Watu walijaa. Wanaume upande mmoja, kina mama na watoto upande mwingine, wazee wasiopenda nyuzi kwa nyuma, mikono mgongoni. Nyimbo za mwanzo zilikwenda vizuri. Bi Thuwaiba alisimama ubavu ubavu, akiimba nusu kwa watu na nusu kwa Bwana Nasor, na nikaona kina mama wa safu ya mbele wameanza kunong'onezana, maana ilionekana kana kwamba hawa wazee wawili wana jambo lao. Kisha ukafika wimbo mkubwa. Banjo peke yake, polepole, kila uzi unasimama peke yake. Bi Thuwaiba akapumua, Bwana Nasor akamwona, wakaingia pamoja. 

Jua lilikuwa limezunguka. Ile amplifaya ya besi nilikuwa nimeiweka kivulini nyuma ya jukwaa, na kivuli kilikuwa kimehama. Katikati ya ubeti wa pili nikaona taa yake inageuka nyekundu. Imepata moto, imejizima.

Watu hawakujua kitu, kwao sauti ilikuwa ile ile. Lakini mimi nilimwona Bwana Nasor. Alitazama miguu yake kama mtu aliyekuwa akitembea ardhini na ardhi ikaondoka. Mkono wake ukasita. Akaanza kuchelewa nyuma ya ngoma, kidogo tu, kisha kidogo zaidi. Nikaiacha meza nikakimbia. Nilipita katikati ya safu za wanaume, nikikanyaga miguu na kuomba radhi kwa lugha mbili, na kila hatua nasikia banjo inazidi kuachwa.

Sijafika, nikasikia kishindo.

Bi Thuwaiba, ambaye tangu asubuhi alikuwa akilalamikia goti na ametaka kiti, mto na mtu wa kumshika mkono kwenye ngazi, alikuwa ameusogelea ubao wa miguuni pa Bwana Nasor na kuupiga kwa kisigino. Akapiga tena. Kila pigo la ngoma, kisigino. Anaimba, anamtazama Nasor usoni, na mguu unashuka kama mtwangio. Bwana Nasor akainua kichwa. Mkono wake ukalitafuta lile pigo, ukalikosa mara moja, ukalipata.

Nikafika nyuma ya jukwaa nikavua kofia, nikapiga magoti na kuanza kuipepea amplifaya kama ninayepepea jiko la mkaa. Sikuona kilichofuata, nilikisikia tu. Watoto ndio walioanza kupiga makofi kufuata kile kisigino, wakidhani ndivyo wimbo ulivyo. Kisha mama zao. Kisha wanaume. Uwanja wote ukawa unapiga, na mbao juu ya kichwa changu zinatetemeka, na ndani yake banjo imetulia kabisa, haina haraka, haina woga. Amplifaya ilipowaka hakuna aliyeihitaji.

Walipomaliza, Bi Thuwaiba alitaka kushuka ngazi goti likamkatalia. Tukampandisha kwenye gari kiti cha mbele. Ndiyo, kiti cha mbele. Bwana Nasor aliipakata banjo mwenyewe kule nyuma, kati ya spika, magoti yamemfika kidevuni, wala hakusema lolote mpaka tulipokaribia Izki.

"Thuwaiba," akamwita.

Akageuka ili amwone.

"Kisigino chako kilikuwa mbele ya ngoma."

"Ala! Wewe ulikuwa nyuma!"

Wakabishana mpaka Ibra. Sijawahi kuendesha gari nikiwa na furaha kiasi kile. Kesho yake Bwana Nasor akampelekea dawa ya kuchua na halwa, na mitaani wakasema anataka kumposa. Mkewe Bwana Nasor ndiye aliyeipeleka halwa yenyewe, akakaa kwa Bi Thuwaiba mpaka magharibi, wakimsema mzee wa watu.

Bwana Nasor aliendelea kupiga nasi kwa misimu kadhaa, pekupeku, juu ya spika ya besi. Ndiyo maana jukwaa letu mpaka leo mnalibeba na mbao zake wenyewe, Rahma, na wewe ukilalamika kuwa ni nzito. Alipoona vidole vinachoka aliacha mwenyewe, hakuambiwa na mtu. Siku hizi banjo anapiga mpwa wake Khamis, mtu mzima, mfanyakazi wa benki, asiyefunga banjo mkanda wa gari. Bwana Nasor amemsamehe mengi lakini hilo bado.

Ilipofika zamu yangu ya kuacha kazi mkaniaga Sur, kwenye tamasha la pwani. Rahma ulinikataza nisishike hata waya mmoja. Ukanipeleka kwenye viti vya plastiki, safu ya tatu, ukaniketisha karibu na Bwana Nasor kama mgonjwa anayeachwa na jamaa yake. Sikuwahi kukaa mbele ya Nyuzi Nne. Miaka yote niliwaona ubavuni au mgongoni.

Mlipoanza, mara moja nikaona fidla iko juu mno. Nikakuinulia mkono, hivi, chini kidogo. Uliniona. Najua uliniona, kwa sababu ulitabasamu, ukainama kwenye meza yako, ukakigusa kitufe cha mwisho kulia.

Nikaushusha mkono. Na baada ya nusu wimbo nikatambua kwamba fidla haikuwa juu. Ni mimi nilikuwa sijazoea kukaa kule waliko watu.

Bwana Nasor akanigusa bega. Alikuwa hana mashine masikioni, macho yake yako kwenye vidole vya Khamis, na kama ilivyo kwa watu wasiosikia, aliuliza kwa sauti iliyowafikia watu wa safu zote tatu.

"Seif! Wanapiga vizuri?"

Nikamgeuzia uso wangu ili anione mdomo. "Wanapiga vizuri, Mwalimu."

"Basi nyamaza," akasema, akarudisha macho jukwaani. "Niache niskilize."